Mlango wa Rangi ya Manjano

Jumanne hiyo mchana, katika ukumbi wa kanisa Gitothua, Ruiru, walikuwa watu watano: Mwalimu Ephantus anayechora mabango ya maduka, Selpha wa kutoka Kakamega, Idah muuza mboga, Wakonyo, na bintiye Wakonyo, Wanja, wa miaka minne, aliyelala kwenye benchi akiwa amefunikwa leso ya Selpha. Selpha hakuwa ameombwa. Aliona tu mtoto amejikunja, akaivua begani.

Ephantus aliwafundisha akina mama bure kila Jumanne. Siku hiyo alisema, "Leo msichore kitu chenyewe. Choreni kingine kinachokisemea. Na wazo liwe lako, si la jirani."

Selpha alichora gambuti.

"Ni nani huyo?" Idah akauliza.

"Bwana yangu."

"Haiya! Bwana yako ni buti?"

"Ananilinda na matope. Na ananuka."

Walicheka mpaka Ephantus akaweka brashi chini. Wakonyo peke yake hakuwa na wazo. Alimtazama Wanja alivyolala. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na watu husema shosho, yaani nyanya, amerudi. Githae, mume wa Wakonyo, alimwita bintiye "maitu", yaani mama yangu, na alimsalimia kwa heshima akitoka kazini. Shosho Wanja alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa.

Basi Wakonyo akamchora bintiye kama mlango. Akaupaka manjano, rangi ya sweta ya mtoto, na mahali pa kitasa akachora kifungo. Akauacha wazi kidogo. Kwenye kizingiti akachora patipati, ndala za mwanamke mzee, zimeelekea ndani.

Ephantus alisimama nyuma yake akaitazama. "Mama Wanja, hii ni yako kabisa. Sijawahi kuona kama hii."

Wakonyo akafurahi. Alikuwa amefika darasa la nane tu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ana wazo lake mwenyewe. Akatia rangi ya mwisho kwenye patipati.

Wanja akaketi pale kwenye benchi, macho wazi. "Asante kwa kunifungulia," akasema.

"Anaota," Selpha akanong'ona.

Lakini ukumbi ulikuwa umeanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Nyumbani mtoto alitembea mikono nyuma, polepole. Jumapili, baada ya kanisa, alimwambia Githae, "Ulianguka kwenye mtaro wa kahawa, ukavunja jino, nikakubeba mpaka dispensari." Githae hakuwa amemsimulia mtu yeyote habari hiyo. Alipiga magoti akalia kwa furaha, na Wakonyo akalia pamoja naye, kwa sababu alimpenda sana yule mama mkwe.

Kisha wakanywa chai. Shosho Wanja, alipokuwa hai, alikuwa na tabia moja: akikupa kikombe, alikigeuza ili mkono wa kikombe uelekee kwako, yeye akashika upande wa moto. Vidole vyake vilikuwa na alama za kuungua. Sasa mtoto alichukua kikombe, akakigeuza ili yeye ndiye ashike mkono wa kikombe, akausukuma upande wa moto kwenye kiganja cha Githae, na Githae alipopiga kelele mtoto hakurudi nyuma wala kushtuka, bali aliinamisha kichwa akaangalia ngozi inavyokuwa nyekundu, kama mtu anayesoma.

Hapo Wakonyo akajua. Kitu hiki kilijua kila jambo la shosho isipokuwa wema wake.

"Baba Wanja," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "huyu si mama yako."

"Unataka nimzike mara ya pili?"

"Sikiliza hatua zake."

Mtoto alikuwa pekupeku. Hata hivyo, sakafuni zilisikika patipati zikiburuzwa, shwaa, shwaa, kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi. Githae aliziba masikio.

Jumatatu asubuhi, Githae akiwa ameenda kazini, Selpha alikuja na Mama Rachael, mwombezi wa Mwiki. Idah alikataa kuingia. "Majini si yako Mombasa? Yatafuata nini huku Ruiru, baridi?" alisema, lakini hakucheka, na aliacha sukuma wiki mlangoni ili Wakonyo asihangaike kupika. Ephantus alileta ile picha ya mlango na rangi.

Mama Rachael aliomba hadi jasho likamtoka. Mtoto alimsubiri amalize.

"Mimi sikuvunja," akasema kwa sauti nzito. "Nilifunguliwa."

"Ufunge huo mlango, mwalimu," Mama Rachael akanong'ona.

Ephantus alitikisa kichwa. "Siwezi. Wazo ni lake, lazima uwe mkono wake."

Wakonyo akashika brashi, akaanza kupaka, na nyuma yake patipati zikaanza kuja, shwaa, shwaa, karibu zaidi, na harufu ya majivu ikamjaa puani, lakini akaendelea kupaka manjano juu ya ule ufa, na juu ya zile patipati, akipaka na kulia na kulitaja jina la mwanawe, mpaka mlango ukawa umefungwa kabisa.

Mtoto akaanguka. Harufu ikaisha. Selpha akakimbia kuwasha jiko apike uji. Mama Rachael, kwa nia njema, akaichoma picha nje, na Ephantus akasimama pale mpaka kipande cha mwisho kikawa jivu, ili Wakonyo asiwe na hofu tena.

Wakonyo alimpakata bintiye na kuweka sikio kifuani pake, asikie moyo.

Alisikia kugonga. Kugonga kidogo kidogo, kwa adabu, jinsi alivyomfundisha Wanja kugonga choo cha pamoja cha ploti kikiwa na mtu. Halafu kwa haraka. Halafu kwa ngumi mbili. Alielewa basi kwamba mgeni alikuwa ameshaingia kabla mlango haujafungwa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemfungia mwanawe ndani pamoja naye, na picha pekee ambayo kwayo mkono wake ungeweza kuufungua mlango ilikuwa jivu linalopeperuka juu ya paa za Gitothua.

Mtoto alifumbua macho. Alimpapasa mama yake shavuni.

"Usijali, mama," akasema. "Atachoka."

Mwezi wa Novemba walihamia Kamenu, Thika. Wanja alianza shule Januari. Mwalimu wake anasema ni mtoto mtulivu sana.