Mdomo wa Mwanamke Anayelia

"Futa huo mdomo. Umemchora kama anatafuna mhogo," alisema Owen.

Subira alicheka, akafuta. Wiki nzima alikuwa akinakili picha moja aliyoichora Owen, ya mwanamke anayelia, maana Owen, mwalimu wake, aliamini kuchora sura hujifunzwa kwa kufuata iliyokwisha kuchorwa. Mwalimu huyo ndiye mchumba wake pia. Alishasilimu kwa ajili yake, na Ijumaa wajumbe wake wangepeleka posa Msambweni, kwa kina Subira.

"Lakini Owen, huyu analia tu, au anamwita mtu?"

"Amwite nani sasa? Ni wa kubuni, babe. We chora."

Subira akauchora mdomo unaoita, na picha ikakaa sawasawa. Kwa furaha akaipandisha Facebook pamoja na nambari yake, apate wateja. Jioni akapigiwa simu.

"Dada, sura yangu umeitoa wapi?"

"Sura yako? Samahani, nani mwenzangu?"

"Damaris, niko Kombani. Owen ni mume wangu. Siku aliyofungasha nguo nilisimama mlangoni nikimwita. Akarudi. Nikajua amenihurumia, kumbe alirudi kuchukua penseli anichore."

Asubuhi Subira alikwenda moja kwa moja Diani, chumbani kwa Owen wanakochorea.

"Damaris ni nani?"

"Hiyo ni story ya zamani. Tuliachana."

"Mwenyewe hana habari kama mmeachana."

"Subira, nakupenda wewe. Wallahi."

"Na yeye ulimwambiaje?"

Machozi yakamtoka Subira, kwa kuwa alikuwa bado anampenda, tena sana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Owen akasogea, akamshika kidevu taratibu. Subira akadhani anataka kumpangusa. Owen akamgeuza uso uelekee mwanga wa dirisha.

"Usifute," alinong'ona. "Tulia hivyo hivyo kidogo."

Subira aliutoa mkono ule. Akajipangusa kwa ncha ya leso mpaka uso ukakauka, kisha akapiga simu, Owen akisikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Waambie wazee wasingoje wageni Ijumaa. Posa haipo tena."

"Yarabi! Kumetokea nini?"

"Nitakueleza, mama. Naja nyumbani nilie."