Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Yaliyoandikwa hapa yalimpata shemeji yangu Yotham, mume wa dada yangu Dorika, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Makanyagio, mjini Mpanda. Mimi nilikuwa ubavuni pake tangu mwanzo, ila pale mwisho. Mjomba wangu wa Karema, aliyenifunza tenzi, alipenda kusema kwamba neno moja likitoka mahali pake, ubeti mzima huanguka. Kwa hiyo nitaliweka kila neno mahali pake, sitaongeza wala kupunguza.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tisa, mwaka 1997. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha vumbi barabarani, na Yotham alikuwa akikwaruza kutu kwenye nguzo za betri, huku akiimba kwa pua. Sista Kasilda wa parokia aliingia amekumbatia mfuko wa turubai kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Ndani mlikuwa na kompyuta ya kukunja, ya kwanza niliyowahi kuiona kwa karibu.

"Yotham, mwanangu, imekufa," alisema.

"Haijafa, Sista. Hizi hazifi ovyo. Zinazimia tu."

Sista hakucheka. Alitueleza kwamba ndani ya kompyuta ile mlikuwa na orodha ya wazazi mia mbili na kumi na mmoja, waliopotezana na watoto wao wakati wa kukimbia vita ng'ambo ya ziwa. Wazazi walikuwa wametawanyika katika vijiji vya wilaya yetu. Watoto walikuwa wamehifadhiwa huko mwambao wa ziwa. Kila mstari ulikuwa na sehemu tatu: anayetafuta, anayetafutwa, na mahali alipo anayetafuta, ili dereva wa lori ajue pa kumchukua. Lori lingeondoka Alhamisi saa kumi alasiri. Jumamosi watoto wangehamishwa tena, na hakuna aliyejua wapelekwapo.

"Na nakala ya karatasi?" Yotham aliuliza.

"Ililiwa na mchwa. Ndiyo maana tuliiandika humu."

Shemeji alifungua skrubu kumi na mbili, akazipanga juu ya kigae kwa mfuatano wa mahali zilipotoka. Hakuwa fundi wa kubahatisha. Alichomoa kipuri kimoja kimoja, akawasha, akazima, akasikiliza. Diski ilikuwa nzima. Kioo kilikuwa kizima. Feni ya kupoza ilikuwa imekwama, na kadi ya kumbukumbu ilikuwa imeungua. Bila kadi ile kompyuta iliwaka, lakini orodha haikufunguka, maana ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyosalia. Akachukua daftari akaandika mpango wake kwa mwandiko safi: kadi mpya yenye ukubwa maradufu, feni, betri ya saa, na mwakani, Mungu akipenda, diski kubwa zaidi.

"Mpango mzuri," nilisema.

"Mzuri sana. Ila vyote viko Dar. Kwa treni ni wiki tatu, kama behewa halijaanguka." Akagongagonga kalamu kwenye meno. "Hapa karibuni najua kadi moja tu inayoingiliana na hii. Ya Pontien."

Pontien alikuwa karani wa mradi wa visima kule Litapunga, mtu nadhifu, mpanga karatasi mpaka kingo zake zilingane. Majuma mawili nyuma alishuka kupima kina cha kisima kipya, nacho kikamfukia. Waliomfukua walisema alikuwa ametapakaa udongo mweupe kama unga wa muhogo, udongo ambao hauonekani popote juu ya ardhi.

Jumanne tulikwenda Litapunga kwa baiskeli, tukipitia Magamba. Mjane wake, Libérate, alitupokea kwa upole, kichwa kimenyolewa. Pembeni mwa chumba, juu ya mkeka, vitu vya marehemu vilikuwa vimekusanywa: nguo zilizokunjwa, viatu, kalamu, na juu yake kompyuta, vyote vimefunikwa kanga. Yotham alieleza shida yake, akawataja watoto. Libérate alisikiliza hadi mwisho.

"Tanga linaanuliwa Jumapili, fundi," alijibu. "Mpaka siku hiyo hivi bado ni vyake. Wazee watavigawa, naye ataviachia. Njoo Jumapili, nitakupa hata bure. Leo siwezi kukupa kitu cha mtu ambaye hajakiachia."

"Nimekuelewa, mama. Basi niruhusu nitazame tu kama inaingiliana."

Akamruhusu. Yotham alinitupia jicho, nami nikalielewa, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilimgeukia mjane nikamwuliza walivyokutana na mumewe. Alianza kusimulia; machozi yakamjia; akajifuta kwa upindo wa kanga. Nyuma yangu bisibisi ilizunguka mara mbili. Kadi ile, nyembamba, ndefu kama kidole, iliingia katika mfuko wa shati la shemeji.

Tulipofika njiani alisema, "Tumeazima tu. Jumapili asubuhi nairudisha, na ninamwambia mwenyewe."

"Mwenyewe yupi? Libérate au Pontien?"

Alicheka, nusura aanguke na baiskeli. "Malenga bwana! Shika njia, acha vina."

Malenga ndilo jina alilonipa yeye. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Jumatano asubuhi aliipachika kadi. Kioo kikawa cheusi, kisha tarakimu za kumbukumbu zikaanza kupanda kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Zilipofika nusu zilisita. Zikakaa kitambo, mithili ya mtu avutaye pumzi. Zikaendelea.

Orodha ilifunguka. Yotham alipiga kofi la furaha, akashuka mpaka chini kabisa kuhakikisha mistari imetimia. Ilikuwa mia mbili na kumi na miwili.

Mstari wa mwisho ulisema: Anayetafuta, Pontien. Anayetafutwa, Yotham. Mahali alipo, Litapunga.

"Sista ana utani," shemeji alisema, ila sauti yake ilikuwa imepungua. Akaufuta mstari ule. Baada ya robo saa, kwa kuwa feni haikuzunguka, mashine ilipata joto ikazimika yenyewe.

Aliiwasha tena alasiri, baada ya kupoa. Mstari ulikuwa umerudi. Majina yaleyale. Mahali alipo, Magamba.

Nilikwenda mbio parokiani kumwuliza Sista Kasilda. Aliapa hakuandika kitu cha namna hiyo, na hakuwahi kumfahamu mtu aitwaye Pontien. Niliporudi nilimkuta Yotham ameketi mbele ya kioo kilichozimika, mikono katikati ya magoti.

"Kila tukiiwasha, anasogea," alinong'ona.

"Basi tusiiwashe. Twende Litapunga sasa hivi, turudishe kadi, tuombe radhi."

"Kwenda na kurudi ni siku nzima. Na bila kadi orodha haifunguki. Nani atawaambia wale watoto?" Alinitazama. "Kesho tunachapa mara moja tu. Kisha narudisha hata usiku. Bado ana Makanyagio nzima ya kupita, shemeji. Mara moja inatosha."

Alhamisi, saa tano na nusu, jua la wima, watu tele barabarani. Sista alikuwa ametuazima printa ya parokia. Feni ilihitaji msaada, kwa hiyo Yotham alinipa kipepeo cha mkaa, kile cha ukindu ambacho Dorika hupulizia jiko, akaniweka ubavuni mwa mashine.

"Pepea, Malenga. Usiache hata kidogo. Joto likizidi inazimika, na ikizimika..." 

Tarakimu zikapanda. Zikasita. Zikaendelea. Mstari wa mwisho ulisema, Mahali alipo, Makanyagio.

Printa ikaanza kulia. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Nilipepea kwa mkono wa kulia, nikabadili kwa wa kushoto, nikihesabu mizani ili mapigo yasipotee, nane, na nane, na nane. Ukurasa wa tano ulipotoka wote, umeme wa mji ulikatika, na kompyuta, ambayo betri yake ilikuwa imekufa, ikazimika.

 Nje muuza dagaa alikuwa akibishana na mteja. Baada ya dakika tatu umeme ukarudi, na taa ya printa ikawaka, ikasubiri.

"Kurasa nne zimebaki," Yotham alisema.

"Usiiwashe."

"Ni watu karibu mia."

"Shemeji, nakusihi. Mfikirie dada yangu."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya swichi.  "Wewe usitoke tu," aliniambia. "Haya mengine nayaweza, ila usiniache peke yangu. Umesikia? Niahidi."

Nilimwahidi.

Akawasha. Tarakimu zilipanda safari hii bila kusita. Hatukushuka chini kutazama mstari. Hatukuthubutu. Printa ikalia. Nikapepea.

Ukurasa wa sita. Harufu ya udongo mbichi.

Ukurasa wa saba. Kelele za barabarani zikafifia, kana kwamba tumewekewa kifuniko. Kibanda kikawa baridi. Saa sita mchana, mwezi wa tisa, Mpanda, na jasho langu likawa baridi kama maji ya mtungi.

Nyuma yetu, sakafuni, kitu kilidondoka. Kizito. Chororo. Kama bonge la tope.

"Usigeuke," Yotham alinong'ona. "Pepea."

Kikadondoka kingine. Karibu zaidi.

Kisha nikahisi pumzi juu ya mkono wangu, ule ulioshika kipepeo.

Nilikiachia. Nilikimbia. Nilimsikia akiniita mara moja, "Malenga!" nami sikugeuka mpaka nilipovuka barabara na kusimama kando ya muuza dagaa, juani, meno yakigongana.

Kutoka pale niliisikia printa. Ilikuwa ikiendelea. Bila mtu wa kupepea ingezimika kwa muda mfupi, lakini iliendelea: ukurasa wa nane, ukurasa wa tisa, taratibu, hadi mwisho. Ikanyamaza.

"Mbona unatetemeka, kaka?" muuza dagaa aliniuliza. "Malaria?"

Niliingia na watu watatu. Yotham hakuwamo. Kibanda kilikuwa na mlango mmoja, nao haukutoka machoni pangu hata mara moja. Kandambili zake zilikuwa chini ya kiti, zimepangwa sambamba. Karatasi tisa zilikuwa juu ya meza, kingo zimelinganishwa barabara. Sakafuni palikuwa na nyayo za miguu mitupu, nyeupe, kutoka mlangoni hadi kitini. Za kurudi hazikuwapo. Kipepeo kilikuwa upande wa pili wa mashine, na kwenye mpini wake alama za vidole vitano vya udongo mweupe.

Karatasi nilizipeleka. Ukurasa wa mwisho uliishia mstari wa mia mbili na kumi na moja. Lori liliondoka saa kumi. Sista aliniambia baadaye kwamba wazazi wote waliokwenda walikuta watoto wao.

Yotham alitafutwa na polisi, na majirani, na sungusungu, mpaka kwenye mabonde ya Magamba. Jumapili nilifungua kompyuta kwa mkono wangu ili nimrudishie Libérate kadi yake. Nafasi yake ilikuwa tupu. Nilikwenda Litapunga hivyohivyo, mikono mitupu, nikiwa nimeazimia kukiri. Tanga lilikuwa limeanuliwa asubuhi ile. Nilipiga magoti nikasema yote.

Libérate alinitazama kwa mshangao. "Lakini fundi aliirudisha. Alhamisi mchana. Alifungua, akaipachika, akakaza skrubu. Nilimkaribisha maji, hakujibu. Nikadhani ni haya. Hakuwa na viatu."

"Alikuwa peke yake?"

Mama yule alifungua kinywa ili anijibu. Kisha akajifunika uso kwa kanga, na hadi naondoka hakuitoa.

Miaka miwili imepita. Dorika amevua nguo za msiba mara moja, akazivaa tena, maana hatujui tumwekee tanga au tumsubiri. Kipepeo kile hakutaka kukitumia wala kukichoma, nami nimekitundika ukutani chumbani kwangu, vidole vya udongo vimekauka, vimepasuka kama ufinyanzi wa zamani.

Leo asubuhi Sista Kasilda alinipitia humu chumbani, mwenye furaha. Parokia imeletewa kompyuta mpya, kubwa, ya mezani, na orodha ya zamani imehamishiwa humo kwa kumbukumbu. Alikunywa chai. Alisifu kasi ya mashine. Kisha, akiwa tayari amesimama, akakumbuka jambo.

"Hivi Malenga ni nani? Kuna mstari umeongezeka mwishoni. Anayetafuta, marehemu Yotham, sijui ni nani kaandika, nyie vijana hamna adabu. Anayetafutwa, Malenga."

Nilishika ukingo wa meza. "Na mahali alipo?"

"Hicho ndicho kimenishangaza. Juzi paliandikwa Litapunga. Jana nimewasha, pakaandikwa Magamba."

"Sista. Leo umeiwasha?"

"Tangu saa mbili. Nimeiacha inawaka, mbona?"

 Nilikuwa nikitazama ukutani, nyuma ya bega lake. Kipepeo kilikuwa kikitikisika, na hapakuwa na upepo. Vile vidole vitano vya udongo vilikuwa vimelowa.