Pampu Iliyotoa Mchanga

Kila asubuhi, kabla ya chai, Swalha alipapasa marobota ya nguo. Alipitisha kiganja chini ya kila robota, kisha akanusa vidole. Harufu ya ukungu ikimfikia puani, alilifungua robota hilo papo hapo.

Swalha na mumewe Hafidh ni watu wa Unguja. Wanafanya biashara Guangzhou, nchini China. Walipanga chumba cha chini katika nyumba kuukuu, kichochoroni, nyuma ya stesheni kuu ya treni. Mbele ilikuwa stoo. Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda chao na kitanda kidogo cha binti yao Shifa, mwenye miaka mitano. Nguo walizinunua soko la jumla la Shisanhang, wakazirundika humo mpaka kontena lijae.

Mwezi wa tatu, mji wa Guangzhou hutoa jasho. Kuta huchuruzika maji na sakafu huteleza. Mwaka huo mzigo ulikuwa mabaibui na nguo za watoto za Idi Kubwa. Zikivunda, nani atazinunua?

"Mama Shifa, nimepata dawa!" Hafidh alisema siku moja. Begani alibeba pampu mpya.

Pembeni mwa chumba palikuwa na kisima cha kale, kimefunikwa kwa bamba la jiwe. Hafidh alilisukuma bamba, akatumbukiza pampu, akauelekeza mpira wa maji mtaroni. Pampu ikanguruma kutwa kucha. Baada ya siku chache sakafu ikakauka kau! Hafidh akatembea peku juu yake, akiringa kama bwana harusi. Mwenye nyumba, Bwana Liang, alipita kutazama, naye akafurahi.

"Mei wenti!" alisema. Hamna tatizo.

Jamani, asiyejua ana raha zake.

Wiki ya pili ufa ukatokea. Ulianza kisimani, ukatambaa kuelekea kwenye vitanda. Hafidh akakoroga saruji, akaupaka.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, akajipiga kifua.

Ufa ukafunguka tena, mpana kuliko mwanzo. Mlango nao ukaanza kukwama. Halafu siku moja Shifa akawa anaruka kamba karibu na kitanda chake.

"Mama, sikiliza! Sakafu inaitika!"

Swalha alichukua mwiko, akapiga magoti. Aligonga sakafu karibu na mlango. Ta, ta. Aligonga karibu na kitanda cha Shifa. Du, du, kama debe tupu. 

"Baba Shifa, hapa chini pana nini?"

"Pana China," Hafidh akatania. "Usinitie wahka, mke wangu. Nyumba za kale zote zina kelele."

Hafidh ni mtu mwema, lakini ukaidi wake ungeweza kuuzwa kwa jumla na rejareja.  Usiku huo Shifa alilala kati ya wazazi wake, na mama mtu hakupata usingizi.

Ghorofani alikaa Joyness, msichana wa Mbeya. Alikuwa anasomea maji ya chini ya ardhi katika chuo kikuu. Kesho yake mchana alishuka na kifurushi cha mama yake, ili kiende na mzigo. Alipofika mtaroni akasimama. Akainama, akakinga maji ya pampu kiganjani, akayasugua kwa vidole.

"Dada Swalha, maji haya yanatoka na mchanga tangu lini?"

"Mchanga? Ule uliojaa mtaroni? Nilidhani ni wa mafundi wa jirani."

"Nipe glasi, tafadhali."

Joyness alikinga maji, akaiweka glasi juu ya kigoda. Wakangoja. Maji yakawa maangavu juu, na chini kukatulia mchanga mwembamba.

"Shemeji Hafidh, njoo uone. Huu ni mchanga wa chini ya nyumba yenu. Pampu inauvuta pamoja na maji."

"Mchanga kidogo tu huo!" alisema Hafidh.

"Kidogo kila dakika, wiki mbili mfululizo. Shemeji, umewahi kuona gunia la mchele lililotoboka chini? Mchele unavuja polepole. Juu gunia linaonekana limejaa, kumbe ndani pana pango. Ukiliegemea tu, linabonyea."

Swalha alikumbuka mlio wa sakafu. 

"Na maji yenyewe yanaibeba ardhi," Joyness aliendelea. "Yamejaa katikati ya mchanga na katika nyufa za miamba. Ukiyashusha ghafla, ardhi inakosa egemeo."

"Lakini maji ni ya Mungu, mdogo wangu," alisema Hafidh. " Hayaishi."

"Mvua huyarudisha, lakini polepole. Ukivuta kuliko mvua inavyorudisha, yanashuka. Jakarta na Bangkok ardhi imedidimia kwa kuvuta maji kupita kiasi. Kwenu pwani, ukivuta mno, bahari inaingia na kisima kinakuwa cha chumvi."

Swalha akamshika mkono. "Joyness, niambie kweli. Hilo pango letu lina ukubwa gani?"

Joyness akatazama chini. "Sijui, dada."

Jibu hilo ndilo lililomtisha Swalha kuliko yote. Msomi mzima, hajui!

"Hata walimu wangu hawajui," alisema Joyness. "Sehemu hizi za mji zimekaa juu ya miamba ya chokaa, na chokaa huwa na mapango. Mengine yamechorwa kwenye ramani, mengine hayajagunduliwa. Visima kama hiki hakuna anayevipima. Ndiyo kazi kubwa iliyobaki Asia: kujua maji ni kiasi gani, nani anayavuta, na ardhi inafanya nini. Bila kupima, tunabahatisha."

"Basi tufanye nini?" Swalha akauliza.

"Zimeni pampu. Tokeni nje sasa hivi. Tumwite Bwana Liang na ofisi ya mtaa walete wahandisi. Msirudi ndani mpaka wapime."

"Nizime?" Hafidh akang'aka. "Mzigo uoze? Kontena linapakiwa wiki ijayo!"

"Hafidh!"

Swalha hakuwahi kumwita mumewe kwa jina mbele ya watu. "Nguo za watoto wa watu unazionea huruma. Mtoto wako je?"

Aliingia ndani, akachomoa waya wa umeme. Pampu ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili chumba kikawa kimya. Ndipo wote wakasikia kutoka kisimani: chubwi! Kitu kimeanguka majini. Kimya. Kisha tena: chubwi! Udongo ulikuwa unamomonyoka chini ya miguu yao.

Hafidh alikimbia ndani. Alimnyakua Shifa aliyekuwa usingizini kitandani, akatoka naye peku hadi barabarani. Hata robota moja hakuligusa.

Bwana Liang alikuja akinung'unika, pamoja na maofisa wa mtaa. Wapangaji wote wakatolewa, kichochoro kikafungwa kwa utepe. Wahandisi wakaweka kekee penye kitanda cha Shifa. Chuma kikashuka taratibu, kisha ghafla kikatumbukia chote, na fundi akapepesuka. Wakashusha kamba yenye kizito cha risasi kupima kina. Ikashuka, ikashuka.

Joyness alisikiliza wahandisi, akatafsiri kwa sauti ndogo. "Wanasema saruji ya sakafu tu ndiyo iliyokuwa imeshikilia."

Bwana Liang akakaa kitako barabarani. Swalha alimkumbatia Shifa mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia.

Pango lilijazwa zege, na nyumba ikakaguliwa kabla watu hawajarudi. Marobota machache yaliharibika. Mengine yaliondoka na kontena. Marobota mapya sasa yanakaa juu ya vichanja vya mbao, yamevishwa nailoni, na mashine ndogo inafyonza unyevu hewani. Nguo hazinuki. Kisimani hakuna pampu. Wahandisi wameweka bomba la kupimia, na kila Ijumaa Swalha hushusha utepe wa kupimia kina cha maji, hupiga picha, humtumia Joyness. Vipimo hivyo vinaingia katika utafiti wa chuo. Baada ya mvua za masika maji yalipanda, yakatulia. Ufa haujaonekana tena.

Juzi Hafidh alikutana na Cyrus, mfanyabiashara wa Kenya, huko kwenye maduka ya nguo ya Zhanqian Road.

"Buda, stoo yangu imekauka kabisa!" Cyrus alijisifu. "Nimetia pampu kwenye kisima cha mwenye nyumba. Hiyo kitu ni moto!"

Hafidh akamshika mkono, akamleta nyumbani. Alimwonyesha mahali patupu nyuma ya pazia, penye saruji mpya.

"Hapa pamemeza malori matatu ya zege," alisema.

Cyrus akapiga mbinja. "Nani alikuwa analala hapa?"

 Hafidh alimwonyesha Shifa kwa kidole, amekaa kwenye mkeka anachora.

Swalha alikuwa anamimina chai, lakini Cyrus hakuingoja. Alikuwa tayari kichochoroni, anakimbia kwenda kuzima pampu.