Kapi za Ngalawa ya Khalif

Kapi ya kwanza ilinuka kafuri. Khalif aliipuliza vumbi, akanusa tena. Mti mkavu hunuka vumbi au moshi, haunuki maiti aliyeoshwa. Akajiambia ni pua yake tu, akaendelea kutoboa.

Alikuwa fundi wa kengele za mbao za ngamia, na Garissa nzima hakuwa na mshindani. Lakini tangu azuru Lamu alishikwa na wazimu mmoja: kuunda ngalawa yenye tanga, avukie mto Tana. Soko la mifugo likamcheka. "Msomali na tanga! Utakamua nini humo?" Yeye akachonga tu. Zilibaki kapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba ya tanga. Mbao za dukani zilikuwa mbichi, zikipasuka. Akapata magogo makavu, magumu kama pembe. Mkewe Hinda alipouliza yametoka wapi, alijibu, "Nimeokota."

Adhuhuri hiyo Hinda alisimama mlangoni.

"Khalif, nani anachimba?"

"Wapi?"

"Chini yetu. Sikiliza."

Kweli, kitu kilikuwa kikikwaruza polepole chini ya sakafu, na kapi zilizotundikwa ukutani, bila kamba, bila upepo, zikaanza kuzunguka zikilia kwa sauti nyembamba, na kadiri zilivyozunguka ndivyo harufu ya kafuri ilivyojaa, ikaingia kwenye chai, kwenye nguo, mpaka kwenye nywele za Hinda, ambaye alikwisha kuketi chini, macho wazi, akisema kwa sauti isiyo yake: "Nilikuwa na nyumba. Mmenibomolea."

Khalif alimkimbilia Sheikh Abdiwahab, msomaji wa ruqya, kisomo cha kutoa majini. Sheikh akaja, akamsomea Hinda hadi ile sauti ikalegea.

"Nyumba yako ilikuwa wapi?" akanong'ona.

"Muulize mumewe."

Khalif alitamani ardhi immeze. Alijua desturi: kaburi huzungushiwa magogo na miiba, fisi wasilifukue. Alikuwa amejiambia kwamba fisi wa siku hizi wanashiba takataka za mjini.

"Sema, walaal, ndugu yangu," sheikh alimhimiza. "Usiposema halitoki."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

"Magogo ni ya ua wa kaburi."

"La nani?"

"La hooyo."

Mama yake Hinda. Ukoo wote ulipokataa kumwoza binti yao fundi wa mbao, ni mama huyo peke yake aliyesimama akasema, huyu ni mwanangu.

"Sikumdhuru," jini likasema. "Niliishi kwenye magogo yake, nikimfukuzia fisi. Jana wamefika."

Hinda akashusha pumzi ndefu, na jini likatoka. Alikuwa amesikia kila neno. Akajifunga shungi, akatoka bila kumtazama mumewe, naye akamfuata.

Makaburini walikuta shimo bichi, na kipande cha sanda kimenasa kwenye mwiba. Hinda hakulia. Alipiga magoti akarudisha udongo kwa viganja. Khalif akainama kumsaidia.

"Rudi nyumbani."

"Hinda, wallahi mimi..."

"Rudi. Hapa nitalinda mwenyewe."

Akarudi. Kapi zilikuwa zimetulia, na nyumba ilinuka chai tu. Khalif alikaa sakafuni, uso mikononi, akaomba jini lirudi, limtukane, limpige, mradi kuwe na mtu wa kusema naye.