Kikapu cha Mkono Mmoja

Ngowa alikanyaga buibui la Mejumaa pale Marikiti, soko limefurika asubuhi, na badala ya kuomba radhi akaikodolea macho meza yake. Mejumaa aliuza viungo pamoja na nyanyake. Nyanya hakujua kusoma, kwa hivyo mjukuu alimchorea vikadi: iliki, mdalasini, bizari. Mteja akitaja kitu, nyanya husukuma kikadi chake mpaka kwenye picha ya kikapu iliyochorwa pembeni mwa meza, asisahau.

"Kaka, umenikanyaga, na sasa wanizibia wateja."

"Nisamehe, dada. Vikadi hivi umevitoa wapi?"

"Kichwani mwangu. Chako kina nini?"

"Kilikuwa na kompyuta. Sasa kina wewe."

Mejumaa alicheka, na kicheko hicho kikamfuata Ngowa hadi chumbani kwake Tudor. Simu zikaanza.

"Umekula, habibi?"

"Nimekula. Nimebaki na njaa yako tu."

Uongo mtupu. Hakuwa ametia kitu kinywani. Alikuwa akitengeneza programu ya simu ya kununulia vitu sokoni, na kila alipokwama aliviona vile vikadi. Akaviiga vyote, hata kule kusukuma kwa kidole. Alijiambia atamweleza kesho, na kesho ikikucha anaona haya.

Siku ya kuionyesha mbele ya watu ukumbini, Mejumaa alikaa safu ya mbele, amevaa buibui jipya lenye nakshi za fedha, hina ingali yanukia mikononi. Mtu mmoja akauliza wazo limetoka wapi.

"Ni langu," Ngowa akajibu. "Mwanzo hadi mwisho."

Makofi yakapigwa. Mejumaa naye alikuwa akipiga, mpaka picha ya kikapu ilipojaa kwenye skrini kubwa. Kikapu cha nyanya kilikuwa kimekatika mkono mmoja, naye Mejumaa alikichora vivyo hivyo. Ngowa alikuwa amekiiga na ulema wake. Mejumaa akainuka, akatoka bila kugeuka nyuma. Ngowa uso ulimwaka, na bado ilimbidi aendelee kutabasamu.

"Mpenzi, nisikize," alimwambia kwa simu. "Hata wale wa kwanza kutia picha na madirisha kwenye kompyuta walichunguliana. Mmoja aliona kwa mwenzake, akaenda akatengeneza ya kwake."

"Sikukasirikia kuiga, Ngowa. Ungeniomba ningekupa vyote. Umenikana mbele ya watu, nami niko pale nakupigia makofi!"

Simu ikakatika. Tangu hapo Ngowa alikuwa akinyoa bila kujitazama kiooni. Mwishowe alirudi ukumbini, akawaambia watu walewale vikadi ni vya nani. Wengine waliguna, mmoja akacheka kwa sauti. Alipotoka, akaenda moja kwa moja Marikiti.

"Nimewaambia," alisema, macho chini.

"Nimesikia. Sasa watakani?"

"Nataka kukuoa."

Nyanya akaacha kupepeta pilipili manga. Mejumaa akachukua kikadi kitupu, akachora kichwa chenye masikio makubwa kama ya Ngowa, akakiweka ukingoni mwa meza.

"Lete wazee wako. Lakini kabla ya kutaja posa, waseme mbele ya nyanya vikadi ni vya nani, na wewe ulisema nini."

Ngowa alimfikiria babake, anayewasimulia watu wa msikitini kuwa mwanawe ni mvumbuzi. Aibu ikamrudia yote, mbichi.

"Leo jioni nitamwambia baba," akasema. "Watasema."

Mejumaa akakisukuma kikadi kwa kidole, polepole, hadi karibu na kikapu. Hapo akakiachia.

"Mpaka kikapuni," akasema, "atakisukuma babako."