Chungu Kibichi Tanurini

Kila Jumatano asubuhi, mwaka ule wa 1949, Mwalimu Amoni aliwapeleka wanafunzi wake wa shule ya Ibaba kwa Bibi Enesi, mfinyanzi, wakajifunze kufinyanga. Jumatano hii ilikuwa siku ya kuchoma. Kila mtoto alileta chungu chake kidogo kilichokauka kwa wiki tatu.

Cha Nesta kilikuwa na siku mbili tu. Cha kwanza alikiangusha kwa michezo yake kikavunjika, akaona haya kusema, akafinyanga kingine kwa siri. Alijua kwamba Bibi hugusisha kila chungu shavuni. Chenye ubaridi bado kina maji. Basi binti akajitia ujanja: alfajiri alikiweka kando ya mafiga, kisha akakifunga kwa khanga ya mama yake. Shavu la Bibi likahisi joto.

"Hiki nacho tayari," alisema, akakipanga katikati ya mitungi kumi aliyoifinyanga kwa ajili ya zahanati.

Mlango wa tanuri ukazibwa kwa mawe na udongo. Bibi akawasha moto mdogo.

"Tunaanza polepole," aliwaeleza. "Chungu kibichi kikipata moto mkali hupasuka, na vigae vyake huvunja vilivyo karibu. Mwaka juzi nilipoteza vyungu vya tanuri zima."

Nesta akautazama mlango uliozibwa. Mitungi ile ilikuwa kazi ya miezi miwili, na wagonjwa waliisubiri wapate maji safi. Akisema, darasa zima litamcheka na Mwalimu atamchapa. Akinyamaza je? Mara akamwona Bibi anainua gogo kubwa.

"Bibi, usitie!" alipiga kelele. "Changu kibichi! Nilikipasha moto nyumbani ili usijue!"

Mwalimu Amoni akakunja uso. Bibi alichomoa kuni, akashika jembe, akaubomoa mlango. Chungu cha Nesta kilitoka kikifuka mvuke, na ubavuni kilikwisha kuingia ufa. Mitungi yote ilikuwa mizima.

Nesta akaangua kilio.

"Shavu langu ulilidanganya, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Moto usingedanganyika. Kuvunja chungu si kosa kubwa, hata mimi huvunja. Kosa ni kuficha, maana wangeumia watu wasiojua lolote. Umechelewa kusema, lakini umesema kabla ya gogo. Haya, kalete maji. Mlango huu utaukandika wewe."

Jumamosi mitungi kumi ilitoka tanurini salama. Mtungi wa kwanza kufika zahanati ulikuwa kichwani mwa Nesta.