Aliyebisha Chumba cha Nyuma

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nahodha alikuwa anafyonza chai yake kwa mrija kutoka kwenye mfuko, maana huko juu kikombe hakikai mezani wala mtu hakai kitini, alipohisi harufu ya sabuni ya kunyolea. Akaacha kufyonza. Kwenye kituo kile cha angani hewa ilikuwa na harufu moja tu tangu wafike, plastiki na jasho la watu, na hakukuwa na mwenye sabuni ile. Aliyekuwa akiitumia alikuwa mume wake. Mume wake alikuwa ameshazikwa.

Akanusa tena. Nyuma ya sabuni kulikuwa na kitu kingine, kitu kilichoungua.

"Daktari," akaita, "umenyoa leo?"

"Ninyoe nini, Nahodha?" akajibu Daktari, akiwa ameelea mbele ya mashine ya kupima hewa. Alikuwa mzee mwenye kipara na kidevu laini kama yai. "Mimi Mola aliniumba nikiwa nimeshanyolewa."

Nahodha hakucheka. Alikuwa amesahau kucheka.

Walikuwa watatu tu: yeye, Daktari, na Fundi, shemeji yake, mdogo wa marehemu. Na kituo kilikuwa kinakufa mikononi mwao. Hewa ilikuwa inapungua na hakuna aliyeona tundu. Taa zilikuwa zinafifia, baridi ilikuwa inatambaa kwenye kuta. Mkuu wa safari, aliyeko chini duniani, alikuwa ameshaamuru wafungashe, wapande chombo cha kurudia, wakiache kituo kiende zake.

Nahodha hakuwa na shida na kukiacha. Alikichukia. Safari iliyopita moto ulizuka katika chumba cha nyuma, mume wake akiwa ndani. Mkuu alibonyeza kitufe chake kule chini, mlango ukajifunga, hewa yote ya chumba ikatolewa nje ili moto ufe. Moto ukafa. Na aliyekuwa ndani akafa, akiupiga mlango kwa ngumi. Mazishini Mkuu alivaa suti nyeusi, akamwambia mjane, "Tunasikitika sana, ila utaratibu ulifuatwa," huku anaangalia saa yake. Nahodha alimwomba Mungu ampe moyo wa kusamehe. Aliomba kila siku, na kila siku aliamka na hasira ile ile imemkalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Alirudi juu kwa sababu moja. Fundi alipopangiwa safari hii, mama mkwe alimshika mkono Nahodha, akamwambia, "Mmoja wameshaniulia. Huyu wa pili nenda naye, urudi naye." Yule mama tangu mazishi alikuwa hafungi mlango wa nyumba yake, mchana wala usiku. Majirani walimsema wakachoka. Aliwajibu kwamba mwanawe hajui kubisha.

Na kweli hakujua. Milango ya kituo ilikuwa ya mviringo, mizito, ya kusukuma, na mtu anayeelea nyuma yake angeweza kupigwa usoni. Kwa hiyo ilikuwa sheria ya kazi: anayekuja apige hodi, aliye ndani ajibu karibu, ndipo mlango usukumwe. Kila mtu aliishika isipokuwa marehemu. Yeye aliingia kwanza, na akishafika katikati ya chumba ndipo anasema, "Hodi!" huku anacheka. Jino la mbele la Daktari liliondoka na mlango aliousukuma yeye.

"Fundi yuko wapi?" Nahodha akauliza.

"Si yuko nyuma anafungasha vifaa vyake? Muda si mrefu nimemsikia anakukaribisha."

"Ananikaribisha mimi?"

"Ulipopiga hodi. Akakujibu, 'Karibu, karibu sana.' Kwa furaha kweli, nikashangaa."

"Daktari," Nahodha akasema polepole, "mimi sijatoka hapa."

Wakatazamana. Na kutoka nyuma kabisa ya kituo, kutoka kwenye kile chumba ambacho hakikuwa na hewa tangu ule moto, chuma kikalia. Ko, ko, ko. Kubisha kwa taratibu, kama kwa mtu mwenye adabu zake.

Daktari akashusha sauti hadi ikawa kama pumzi. "Usijibu. Nakuomba kwa jina la Mola, usijibu."

"Ni nani?"

"Siyo nani. Ni nini." Akamsogelea. "Bibi yangu alikuwa anatibu watu walioingiliwa na majini. Alituambia, jini wa aina hii haingii mahali mpaka akaribishwe. Anavaa sauti ya mtu wako. Na akishakaribishwa, hatoki mpaka afukuzwe na kinywa kile kile kilichomkaribisha. Mimi nikisoma dua hadi koo likauke, atatulia tu. Hatatoka." Akaigeukia mashine yake, mshale ukishuka. "Tumetafuta tundu, Nahodha. Hakuna tundu. Hewa haivuji. Inavutwa."

Nahodha alishafika kwenye kabati la mavazi ya angani. Vazi lililokuwa zima halikuwepo; Fundi alikuwa ameondoka nalo. Lililobaki ni bovu, lenye glavu inayopitisha hewa, ambalo Fundi mwenyewe alikuwa amelifunga kitambaa chekundu ili mtu asije akalivaa kwa bahati mbaya. Akakifungua kile kitambaa.

Redio ikakoroma. "Nahodha," ikasema sauti ya Mkuu, sauti ya mtu aliyeshiba, "mbona bado? Nataka nyote chomboni sasa hivi."

"Fundi yuko chumba cha nyuma. Namfuata."

"Chumba cha nyuma hakiingiliki. Ukweli ni kwamba huyo tumeshampoteza. Tunasikitika sana, ila utaratibu..."

"Usinitajie utaratibu!" Nahodha alipiga kelele hadi Daktari akashtuka. "Ulimzika kaka yake kwa utaratibu! Ulibonyeza kitufe huku unamsikia anagonga, nasi tunakulilia ufungue, ukatuambia tutulie! Leo kama una vidole vya kubonyeza, jibonyeze mwenyewe!"

Kisha Mkuu akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "Sauti yako sitaisikia tena mpaka utue. Nafunga njia yenu. Chombo nitakiondoa mimi kutoka hapa, akiwemo atakayekuwemo." Taa ndogo ya kijani kwenye redio ikazimika. Tangu hapo wangeweza kumsikia yeye. Yeye asingeweza kuwasikia wao.

"Hawezi kukiondoa mlango ukiwa wazi," Daktari akasema. Akaelea hadi kwenye mlango wa chombo, akajipachika katikati yake, mgongo huku, miguu kule, kama kabari. "Aje aufunge. Mguu huu ulishavunjika mara mbili mpirani, ya tatu si neno. Nenda, mwanangu. Hewa ya vazi hilo ni kidogo, usikae kuongea na hilo jini."

Kabla ya chumba cha nyuma kulikuwa na kijumba chembamba cha milango miwili. Unafunga mmoja ndipo unafungua mwingine. Nahodha akaingia, akafunga, akatoa hewa. Glavu ya kushoto ikaanza kupiga mluzi, na ubaridi ukamuuma vidole. Akasema, "Mola, nimekuja na hasira, nipokee hivyo hivyo," akausukuma mlango ambao mume wake aliupiga kwa ngumi.

Ndani kulikuwa kweusi, na tochi ya kofia yake ilipita juu ya kuta zilizobabuka, juu ya nyaya zilizoyeyuka zikaganda kama machozi ya mshumaa, juu ya ule mlango wenyewe upande wa ndani, ambako masizi yalikuwa yamefutika mahali pamoja, pa kimo cha ngumi, na hapo akataka kugeuza macho lakini hakuweza, maana ile harufu ya sabuni ilikuwa sasa imeingia ndani ya kofia yake iliyozibwa pande zote, mahali ambapo hata pumzi ya mtu mwingine isingefika, na pamoja nayo ikaja ile ya kuungua, na pamoja na kuungua sauti, sikioni kabisa, sauti aliyoizoea kwenye mto wa kitanda chake, ikimwambia kwa upole, "Hodi, mke wangu."

Nywele zikamsimama. Ulimi wake, kwa mazoea ya miaka ya kazi na miaka ya ndoa, ukainuka kujibu. Akauuma hadi akaonja damu.

Tochi ikamwona Fundi. Alikuwa ameelea ukutani, amevaa vazi zima, anatabasamu kama mtoto aliyebebwa, na mikono yake miwili ilikuwa kwenye vifungo vya kofia yake. Kimoja kilikuwa kimeshafunguliwa.

"Nilikuwa namwambia mdogo wangu avue," sauti ikasema, "tuongee vizuri tukionana uso. Hodi, mke wangu. Mbona hunikaribishi? Nimekuwa huku peke yangu. Ni baridi. Hodi."

"Shemeji, ni yeye," Fundi akasema kwenye redio ya kofia, kama mtu anayeongea usingizini. "Amerudi. Amepiga hodi vizuri kabisa, nikamkaribisha."

Ndipo hofu yote ya Nahodha ikageuka. Iligeuka kama maziwa yanavyochemka yakafurika, kwa ghafla, na kilichofurika kilikuwa ghadhabu. Kwamba alimlilia, alimwosha, alimfukia, na sasa kitu kisicho na mama wala kaburi kimeokota sauti yake kikaivaa kama koti la mtumba!

"Fundi!" akafoka, akamshika mikono yote miwili na kuing'oa kwenye kofia. "Nitazame. Kaka yako lini alipiga hodi?"

Fundi akakunja uso.

"Lini? Niambie siku moja! Hakupiga hodi kwa mama yenu, hakupiga kwangu, jino la Daktari alilitoa kwa nini? Mume wangu alikuwa anaingia kwanza! Anaingia, anafika katikati ya nyumba, ndipo anasema hodi! Na humu ndani alipiga mlango kwa ngumi, kwa haki yake, na ilikuwa haki yake afunguliwe! Hakubisha kwa adabu! Huyu ni nani anayebisha kwa adabu?"

Sauti ikanyamaza. Ilikuwa inasikiliza.

Fundi akatweta. Macho yake yakarudi taratibu, na yaliporudi yalikuja na machozi, yakimganda kwenye kope maana huko machozi hayaanguki. "Siku ya posa," akasema, "aliingia mpaka jikoni kwenu. Sisi bado tuko nje tunapiga hodi." Akacheka kwa kwikwi. Kisha akaona mikono yake ilipokuwa, akaona kifungo kilichofunguka, akapiga ukelele.

"Mfukuze," Nahodha akasema. Vidole vyake vya kushoto havikuwa na hisia tena, na mluzi wa glavu ulikuwa unazidi. "Ni wewe uliyemkaribisha. Mimi siwezi."

Fundi akaligeukia giza. "Nimekunyima karibu yangu," akasema. "Wewe si kaka yangu. Humu si kwako. Toka kwa jina la aliyekuumba. Toka!"

Chumba kizima kikaugua. Kitu kikapita baina yao, kizito, cha moto kwenye ile baridi, na ukuta wa nje ukalia kama ngoma iliyopasuliwa. Harufu ikakatika. Nahodha akafunga kifungo cha kofia ya shemeji yake, akamvuta mkono, wakaingia kijumbani, na mlango ulipofunguka upande wa pili alikuwa haoni kitu, anapumua hewa iliyokwisha, na ni Fundi sasa aliyekuwa anamburuta yeye.

Daktari alikuwa bado mlangoni. Mlango ulikuwa umejaribu kujifunga. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. "Ya tatu," akasema, jasho likimng'aa kiparani. "Ingieni, mbona mnanitazama?"

Wakafunga mlango, wakakiondoa chombo wenyewe. Dirishani kituo kilizimika taa moja baada ya nyingine. Hakuna aliyekililia. Daktari aliukunja uso na kumshukuru Mola, Fundi alimfunga Nahodha vidole vilivyokufa ganzi, akamwambia, "Mama atakuchinjia jogoo, shemeji," na Nahodha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alihisi lile jiwe kifuani limesogea.

Redio ikakoroma. Alikuwa ni Mkuu, anaongea na watu wake ofisini, hajui kama anasikika. "Andikeni nahodha alikaidi amri. Andikeni utaratibu..." Akakatiza. "Nani amefungua mlango?"

Walisikia mlango ule ukijigonga ukutani kwa nguvu, mlango uliosukumwa bila kubishwa. Walisikia nyayo zikiingia, zikifika katikati ya chumba. Na hapo ndipo, kwa kuchelewa, sauti iliposema kwa kicheko, "Hodi!"

Nahodha akairukia redio. Alifanya hivyo kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili ya yule mtu. "Usimjibu! Mkuu, usimjibu!" Lakini taa ya kijani ilikuwa imezimwa, na aliyeizima alikuwa Mkuu mwenyewe.

"Ah," Mkuu akasema kule chini, kwa sauti ya mtu aliyeshtukizwa mbele za watu. "Karibu."

Kisha ukaja mlio mrefu wa hewa inayotoka chumbani, na ngumi zinazopiga mlango kutoka ndani, na baadaye hata ngumi zikakoma.

"Wafu hawarudi," Daktari akanong'ona. "Nahodha, wafu hawarudi. Yule alikuwa anakusikiliza."

"Nimemfundisha," Nahodha akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Kwa kinywa changu mwenyewe, nimemfundisha namna ya kuwa mume wangu."

Dunia ilikuwa inakua dirishani, na chombo kilikuwa kinashuka polepole mno. Fundi akamshika shemeji yake mkono, akaung'ang'ania kama mtoto.

"Shemeji," akasema, "mama hafungi mlango."